Mama-mkwe Niliyemjua kwa Kikohozi

Nikiulizwa mama-mkwe wangu alikuwa na uso wa namna gani, nababaika. Visigino vyake navijua. Najua mlio wa viatu vyake vya plastiki kwenye saruji ya ua, najua alivyofunga kitenge kwa fundo la upande wa kushoto, najua kovu la mafuta ya moto lililokaa juu ya kifundo cha mkono wake wa kuume. Mgongo wake naujua kuliko ninavyoujua wangu. Lakini uso niliuona kwa kuibia tu, wa ubavuni, na kila mara niliinamisha macho upesi kama mtu aliyekutwa na mkono mfukoni mwa mwenzake. Tulijuana zaidi ya miaka ishirini namna hiyo.

Jina lake sitalitaja. Sifichi kitu. Mdomo wangu haukuwahi kulitamka alipokuwa hai, na sasa kwa kuwa tumemzika sioni kwa nini nianze. Yeye alikuwa wa jamaa za Kasai zilizokaa Lubumbashi siku nyingi, na nyumbani mwao, huko Kampemba, mkwe mwanamume hamwiti mama-mkwe kwa jina, hamshiki mkono, hamtazami machoni, wala hali naye chakula. Mimi ni mtoto wa reli. Baba yangu alishuka kutoka kaskazini mwa Katanga akafia kazini humu mjini. Kwetu pia tunawaheshimu wakwe, ila tukishakunywa naye chai mara mbili tatu mambo yanalegea. Kwa mama huyu hapakulegea kitu.

Mke wangu, Ngalula, alipojifungua mtoto wetu wa pekee, alimpa jina la mama yake. Alifanya makusudi, naamini, maana alipenda kucheka. Tangu siku hiyo nina binti ambaye sijawahi kumwita kwa jina lake. Namwita Kaku, yaani bibi, kama wanavyosema Waluba, watu wa kwao. Nilipompeleka shule mara ya kwanza, mwalimu aliniuliza mtoto anaitwa nani, nikakohoa, nikamsogezea cheti cha ubatizo nikamwambia, "Soma weye mwenyewe, Madame." Alinitazama kwa huruma. Nadhani aliona kwamba sijui kusoma.

Kukohoa ndiko kulikokuwa kusalimiana kwetu. Akija kwetu, alikohoa tangu langoni ili nipate muda wa kuingia chumbani au kugeukia ukuta. Nikienda kwao, nilikohoa kabla ya kupita ua wa matete, na kusikia viatu vya plastiki vikikimbilia jikoni. Alikuwa na kikohozi kifupi cha kusema nipo, kirefu cha kusema naondoka, na kimoja chenye mkia wa kunung'unika, hicho cha siku nimemkosea Ngalula. Kaku alipokuwa mdogo aliumwa kifua, na muuguzi alipomuuliza kama nyumbani kuna mwingine anayekohoa, alijibu, "Papa na kaku wangu banakoholeanaka kila siku." Tulipelekwa kupigwa picha ya mapafu, sote wawili, kwa siku tofauti.

Kusema alisema, tena sana, lakini si na mimi. Aliongea na mlango, na kuku, na beseni. Nilikuwa nikifika Ngalula hayupo, basi nasikia sauti kutoka jikoni: "We beseni, ambia ule bwana mwenye iko pa mulango, bibi yake alienda ku soko. Kama iko na njala, bukari iko chini ya kisahani, na isipole." Nami, nikiufunua ugali huo, nililijibu beseni. Nililishukuru beseni, nikaliuliza beseni kama limelala vizuri, likaniambia kwamba goti lilikuwa linaliuma tangu mvua ianze. Wageni waliotukuta katika mazungumzo hayo waliondoka wakitikisa kichwa.

Hakuwahi kuniona nikila, ila alinijua kwa sahani zinazorudi. Nikiacha kichwa cha samaki, siku nyingine nilipata mkia. Nikimaliza mboga ya matembele hadi mchuzi, wiki nzima ilikuwa matembele. Mara moja nilipatwa na huzuni za kazini, nikarudisha sahani karibu nzima. Kesho yake asubuhi sufuria ya uji wa mahindi wenye karanga ilikuwa mlangoni petu, imefungwa kwa kitambaa, na viatu vya plastiki vilikuwa tayari vinaishia mtaani. Hakuuliza nina nini. Aliniwekea uji mpaka sahani zilipoanza kurudi tupu.

Asije mtu akadhani alikuwa mateka wa mila. Mume wake alipokufa, shemeji zake walikuja na wembe wamnyoe kichwa, akakataa katakata. "Nywele yangu haikumuua," aliwaambia, na wembe ukarudi ulikotoka. Alikuwa wa kwanza katika mtaa wao kumpeleka msichana chuo kikuu, kule Kasapa, wakati majirani wanamwambia anatia maji kwenye kikapu. Alikuwa na ulimi wa kumjibu padri. Mambo mengi ya wazee aliyapitia kama mtu anayechambua mchele: hili abaki nalo, hili atupe. La ukwe alibaki nalo, na hakuna aliyemlazimisha.

Wala kujificha kwake hakukumzuia kunichungulia. Pazia la dirisha la sebule yao lilitikisika hata siku zisizo na upepo. Nilipobadili kazi alijua kabla sijamwambia mke wangu; aliviona viatu vyangu vipya, akamwambia Ngalula, "Bwana yako anavaa sasa soulier ya kuangaza, uliza juu ya nini." Nilipoanza kunenepa alijua. Nilipoanza kunywa pombe kidogo kuzidi, nilipita kwenye ua wao nikasikia kuku anaambiwa kwamba mwanamume akinuka bia saa nne ya asubuhi hata kuku anaona haya. Nilipunguza.

Kanisani ndiko tulikopata shida. Alikuwa mkubwa wa akina mama wa parokia, anakaa mbele na kitambaa chake cheupe. Jumapili moja padri mpya, kijana mwenye moto, alituamuru tutoke kwenye viti vyetu tupeane amani na watu tusiokaa nao. Msongamano ukanisukuma mpaka nikasimama bega kwa bega naye. Kukimbia siwezi, amani ya Bwana nayo haikataliwi. Nikatazama sakafu. Ndipo nikaona ncha ya kitambaa cheupe imeshuka mbele yangu. Alikuwa ameshika upande mmoja, uso ameugeuzia nguzo. Nikashika upande wangu. Tukavuta kidogo, yeye kule na mimi huku, na nguzo ikaambiwa, "Amani iwe na weye."

Siku nyingine, mvua imeanza, niliingia teksi ya kuchangia pale katikati ya mji nikageuka kuona ni nani aliye kando yangu. Viatu vya plastiki. Nilifungua mlango nikashuka. Nikasikia mlango wa pili nao unafunguliwa. Dereva alitukana kwa lugha tatu akaenda zake na viti vitupu, na sisi tukatembea hadi Kampemba, yeye upande wa kushoto wa barabara na mimi upande wa kulia, tumelowa chapachapa. Nilipokawia kwenye dimbwi, alisimama kule ng'ambo akajifanya anafunga kitenge. Nilipotoka, akaendelea.

Nakiri kuna miaka niliichukia desturi hii. Wenzangu wa ofisini walikuwa wakisema mama-mkwe wao aliwatania, aliwafunga tai siku ya sikukuu, aliwakumbatia kwenye kiwanja cha ndege. Mimi mama yangu mzazi alikufa nikiwa shule ya msingi. Nilikuwa na mama mmoja tu duniani, na yeye anaongea na beseni. Nilimwambia Ngalula siku moja kwa uchungu kwamba mama yake ananiona kama ukoma. Akasema, "Hapana. Bantu benye si kitu kwake, anawapa mukono ya bure, ku soko, kila siku. Weye njo mwenye anachungaka." Sikuelewa vizuri wakati ule. Nilidhani ni mke anamtetea mama yake.

Kazi yake ilikuwa mikate, ile ya kukaanga katika mafuta, ambayo wengine wanaita beignets. Aliikaanga miaka na miaka kando ya ukuta wa hoteli ya zamani karibu na stesheni. Hoteli ile ilijengwa na Wazungu zama shaba ilipoanza kutoka; matofali mekundu, veranda ndefu yenye nguzo, bati jekundu, ua wenye jakaranda katikati. Alipokuwa msichana, mtu mweusi aliingia pale na ufagio au na trei. Baadaye wenyewe wakaondoka, nyumba ikabaki, madirisha yakapigwa mbao, miti ikaota vyumbani. Wakati wote huo yeye alikaa palepale kwenye kiti chake kifupi, ameupa ukuta mgongo, anawauzia wafanyakazi wa reli na wasafiri. Alisema ukuta ule ulitunza joto la jua na kumkanda kiuno.

Palepale aliona miaka mibaya, watu wa Kasai walipoambiwa na wenyeji wa Katanga warudi walikotoka babu zao, wakajaa stesheni na magodoro na kuku na watoto, wakingoja treni. Dada yake aliondoka na mojawapo ya treni hizo na hawakuonana tena. Yeye alibaki. Miaka mingi baadaye Kaku alimwuliza kwa nini hakupanda. Nilikuwa nyuma ya mlango, nikasikia jibu. "Nilikuwa na pâte, unga ya mikate, imesha kuvimba," alisema. "Nitaachia nani?" Halafu akacheka. Ndugu zangu wa reli walikuwa miongoni mwa waliopiga makelele ya kuwafukuza miaka ile. Nilipokwenda kumposa Ngalula, nikijua yote hayo yamekaa sebuleni pamoja nasi, nilisikia kutoka jikoni mlango ukiambiwa: "Ambia bale batu, kama kijana anamupenda, amupende muzuri. Ingine hatuulize." Hivyo ndivyo nilivyopewa mke.

Ngalula aliumwa muda mrefu. Hospitali tuligawana zamu, mama-mkwe na mimi, bila kupanga kwa maneno. Nilikohoa mwanzo wa korido, yeye akatoka kwa mlango wa upande wa bustani. Kiti kilikuwa bado na joto lake. Kando yake palikuwa na chupa ya chai, na kikombe kimoja kimefunikwa, na kikombe hicho kilikuwa changu. Wauguzi walisema hawajaona familia inayofuatana vizuri hivyo na isiyokutana kamwe.

Mara moja tu hatukukohoa. Ilikuwa asubuhi, nimeitwa upesi kutoka kazini, nikaingia mbio, naye yumo, upande wa pili wa kitanda. Ngalula alikuwa ameshakwenda. Tulisimama pale, kitanda katikati yetu. Mama-mkwe alijifunika uso kwa kitenge, akatoa sauti ambayo sitaki kuieleza. Nikakishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Naye, kutoka ndani ya kitambaa, akasema na binti yake, kama tulivyozoea, kama vile Ngalula bado angeweza kuja kuniambia: "Ngalula, ambia bwana yako akale chini. Ambia mukwe yangu asianguke." Nikakaa chini. Sikuanguka. Nimelia kwa mambo mengi tangu siku hiyo, lakini maneno hayo ndiyo yanayonirudia.

Kilio kilipotolewa, yaani matanga yalipomalizwa, mwaka uliofuata, baba mkubwa wa Ngalula alinikalisha pembeni. Ni mzee wa haki, sina ubaya naye. Alinishukuru kwa jinsi nilivyomuuguza mtoto wao. Kisha akasema lililomleta. "Mukwe, mutoto alisha kwenda. Bukwe nayo haikaake kwa mutu moya. Tulisha kumuambia mama. Siku atakupa mukono, mukakula pa meza moya, utajua uko huru. Utaenda kuoa penye unapenda, bila deni ya mutu. Na shiye tutakusalimia mu njia, sawa bantu bote."

Nilimuuliza mama mwenyewe alijibu nini. Mzee alitazama mikono yake. "Anasema anafikiri."

Sijui kama nitaweza kueleza hofu iliyoniingia. Miaka yote niliutamani mkono ule, na sasa niliuogopa kama hukumu. Wazazi sina. Mke sina. Nyumba ile ya Kampemba ndiyo mahali pekee ambapo bado nilikuwa mume wa Ngalula. Mahali ambapo mtu alikimbilia jikoni kwa sababu yangu. Mama-mkwe akinipa mkono, nitakuwa mtu wa sokoni. Kwa miezi nilikwenda kwao nikikohoa kwa sauti ya kuomba, na kila nikisikia viatu vya plastiki vinakimbia, moyo ulitulia hadi safari nyingine.

Ndipo Kaku, ambaye sasa alikuwa mwanafunzi kule Kasapa kama mama yake, akaja na wazo lake. Hoteli ya zamani ya stesheni ilikuwa imenunuliwa na kutengenezwa upya, na Jumapili baada ya misa watu wenye nafasi walikuwa wanakwenda pale kwa kitu kinachoitwa brunch. Siku ya kuzaliwa ya Ngalula ilikuwa inakaribia, naye Kaku alitaka kuikumbuka huko, na sisi wote wawili. Nilikuwapo, nyuma ya ukuta kama kawaida, alipomweleza bibi yake.

"Brunch njo kitu gani?"

"Iko kunywa chai na kukula ya midi, ya saa sita, yote mara moya, kaku."

"Basi iko njala ya kuchelewa." Kicheko. Halafu, "Ku ile nyumba? Ndani?"

"Ndani, kaku. Pa meza."

"Papa yako atakuwa?"

"Atakuwa."

Nilisikia kijiko kikigonga sufuria. "Nitakuya," akasema.

Alikubali upesi mno. Kaku alifurahi, mtoto wa kizazi chake, anaona meza ni meza. Mimi nilirudi nyumbani kwa miguu na sikumbuki njia niliyopita. Meza moja. Alikuwa amemaliza kufikiri.

Jumapili hiyo nilivaa suti ya harusi, ambayo ilikuwa imenibana. Nilitangulia na Kaku. Hoteli ilikuwa nzuri, lazima niseme. Matofali yamesuguliwa, nguzo za veranda zimepakwa chokaa, sakafu ya vigae vya maua imetolewa chini ya udongo wa miaka mingi ikang'aa tena. Ukutani wametundika picha za treni za zamani na Wazungu wenye masharubu. Jakaranda ilikuwa imechanua, maua yameanguka juu ya meza za uani na hakuna anayeyafagia, kwa kuwa sasa yanahesabiwa kuwa pambo. Chakula kilipangwa kwenye meza ndefu, kila mtu anajipakulia: mayai, soseji, nanasi, mikate ya Kifaransa, na katika sahani ya fedha, mikate ya kukaanga midogo iliyonyunyiziwa sukari. Watu wa maofisi, familia zilizotoka misa, vijana wanaopiga picha sahani zao.

Mhudumu, kijana mwenye tai ya kipepeo, alitukalisha meza ya watu watatu karibu na ukuta wa nje. Nilipoona ni ukuta gani, nilimtazama Kaku. "Niliomba hapa," akasema. "Ku ngambo ya huu ukuta njo penye kaku alikuwaka anakala." Alikuwa ametaka kumpa bibi yake upande wa ndani. Machozi yalinijia, nikayarudisha. Kiti kitupu kilikuwa mbele yangu, uso kwa uso.

Kisha nikasikia kikohozi. Kifupi, kile cha kusema nipo.

Niliinamisha macho kwenye kitambaa cha meza. Viatu havikuwa vya plastiki siku hiyo, lakini mwendo niliujua. Mguu wa goti bovu unakawia. Ulivuka veranda, ukapita kati ya meza. Kaku aliinuka akamkumbatia, wakabusiana. "Kiti yako njo hii, kaku." Nikaona mkono unashuka juu ya mgongo wa kiti kilicho mbele yangu. Kovu la mafuta lilikuwa palepale. Mkono ulitulia pale, na mimi nikaanza kuuaga. Nilijiambia kwamba ukinyooshwa nitaupokea kwa mikono miwili, kama mtoto aliyefundishwa adabu, na nitasema asante, na sitalia mbele ya watu. Niliiweka mikono yangu tayari juu ya meza.

Mkono ukakiinua kiti.

Alikivuta. Miguu ya kiti ilikwaruza vigae vile vya maua kwa kelele iliyowafanya watu wote kugeuka, hata wale wa picha. Alikizungusha nyuma yangu, polepole, kwa sababu kilikuwa kizito na yeye alikuwa mzee, akakataa Kaku asimsaidie. Mhudumu alikuja mbio. "Mama, pardon, table yenu iko huku."

"Naiona."

Akakiweka kiti kando ya meza ndogo tupu iliyokuwa nyuma yangu, akakaa. Nilihisi mgongo wa kiti chake unagusa wa kwangu, kisha ukaegemea. Mahali pengine kumpa mtu mgongo ni kumfukuza. Mimi nilijua tangu zamani mgongo ule hupewa nani. Kaku alibaki amesimama katikati yetu, sahani mkononi, anatazama huku na huku, na nikaona usoni mwake kwamba ameanza kuelewa. Alianza kutuhudumia, mara meza hii, mara ile, kama alivyokuwa akifanya mama yake.

Muda ulipita. Nilimsikia anatafuna. "Hii mikate," akasema na ukuta, "balikaanga na mafuta ya baridi." Ukuta haukujibu. Kisha sauti ikashuka chini, ikawa ile ya hospitali.

"Ngalula. Ambia bwana yako akule. Mayai inapola."

Nililia, suti ya harusi na yote, mbele ya watu wa maofisi, na sikuona haya. "Ngalula," nikasema mwishowe, "ambia mama, nasikia."

Yule mhudumu alirudi akiwa amechanganyikiwa, anatutazama sisi wawili tulivyokaa, migongo imegusana, mimi nalia na yeye anakula nanasi. Aliniinamia kwa adabu. "Papa, pardon. Ule mama muko pamoja naye? Niunge bameza?"

Kabla sijafungua mdomo, nikasikia nyuma yangu kikohozi, kile chenye mkia. "We ukuta," mama-mkwe akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye jakaranda, "ambia ule mutoto aache meza vile iko. Ule bwana iko mukwe yangu."

Nikachukua uma, nikala.